Heri Iliyopita Kadiri

Miongoni mwa maswali ambayo mwanadamu humwelekezea Muumba wake saa ya maradhi, sidhani kama liko lililo kongwe na zito kuliko hili: ikiwa mwili huu ni kazi ya mkono wenye hekima, imekuwaje ndani yake mkatoka kitu kinachouangamiza? Swali hilo lina makao yake mjini Kakamega, nchini Kenya, katika hospitali kuu ya rufaa ya kaunti, kwenye kitengo cha figo, ambamo wagonjwa hulala kando ya mashine muda wa saa nne hivi, mara mbili au tatu kwa juma, damu yao ikitolewa mwilini, ikasafishwa, ikarudishwa. Baadhi ya watu wa namna hiyo hufikishwa hapo na presha, baadhi na kisukari, na aghalabu na yote mawili kwa pamoja. Nao wengi hawakusikia maumivu yoyote figo zao zilipokuwa zikifa, kwa kuwa figo hufa kimya.

Jawabu tatu hutolewa upesi katika nchi hii, sokoni, matangani na hata mimbarini. Ya kwanza husema kwamba maradhi ni adhabu: mtu amekosa, naye anarudiwa. Ya pili husema kwamba ni mkono wa adui: jirani au jamaa mwenye husuda amemtupia mwenzake balaa, na tiba yake ni kumtafuta aliyetenda. Ya tatu, ambayo ina sura ya uchaji kupita zote, husema kwamba maradhi ni takdiri ya Mungu, nayo takdiri haipingwi. Basi aliyeandikiwa kufa kwa figo atakufa kwa figo hata akimeza dawa za dunia nzima. Jawabu hizi hutofautiana kwa mengi, lakini hukutana mahali pamoja: kila moja humwachia mgonjwa kitu cha kuogopa au mtu wa kulaumu, na hakuna hata moja inayomwachia kazi ya kufanya. Kabla ya kuikubali yoyote ni haki tulitazame kwanza jambo lenyewe lilivyo, kwa kuwa kumnasibishia Mungu tendo ambalo hatukulichunguza ni ujasiri usiomfaa mja.

Kila figo ya binadamu ina vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba ambamo damu huingia kwa mshipa mmoja na kutoka kwa mwingine. Kwa mchana na usiku mmoja figo mbili huchuja maji ya damu yapatayo lita 180, zikayarudisha karibu yote mwilini, zikatoa lita moja au mbili tu kuwa mkojo. Kazi kubwa kama hiyo haiwezekani pasipo msukumo wa kutosha wa damu, na kwa sababu hiyo mwili umewekewa mawakili wa kuulinda msukumo huo. Mwaka 1898, mjini Stockholm, Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walionyesha kwamba figo ya sungura ina kitu ambacho, kikitiwa katika damu ya sungura mwingine, hupandisha presha yake; wakakiita renini. Katika miaka ya 1950 Leonard Skeggs na wenzake, huko Cleveland nchini Marekani, wakatambua kwamba renini haiimalizi kazi hiyo peke yake. Hukata protini itokayo katika ini, ikaacha kipande dhaifu chenye asidi amino kumi. Kisha huja kimeng'enya cha pili, kikakata mbili za mwisho. Na kile kinachobaki, chenye asidi amino nane, ndicho chenye uwezo wa kubana mishipa ya damu mwili mzima. Kipande hicho huitwa anjiotensini ya pili, na kimeng'enya kinachokizalisha, ambacho kimejaa katika kuta za mishipa ya mapafu na kupatikana pia ndani ya figo, madaktari hukitaja kwa herufi tatu: ACE.

Asiwepo mtu wa kudhani kwamba hiki ni kiumbe cha madhara. Mkata miwa wa Mumias anayetokwa na jasho tangu alfajiri hata adhuhuri pasipo maji ya kutosha, mama anayevuja damu wakati wa kujifungua, mtoto aliyeharisha hata macho yakazama, wote hao huvuka saa za hatari kwa sababu kimeng'enya hiki hufanya wajibu wake: mishipa hubanwa, figo huamrishwa kuishika chumvi na maji, na damu haikomi kufika katika moyo na ubongo. Bibi zetu, waliochuja majivu ya maganda ya maharagwe ili wapate munyu wa kulainishia mboga, waliishi katika dunia ambayo chumvi ilikuwa haba na jua lilikuwa kali, na mwili uliojua kukishika kidogo ulichokipata ulikuwa mwili uliobarikiwa. Yeyote asomaye maneno haya alifika hapa alipo kwa hisani ya mlinzi huyo, ambaye aliwahifadhi wazazi wa wazazi wake katika njaa, kiu na majeraha.

Sasa na tuone jinsi hifadhi inavyogeuka kuwa maangamizi. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi, mshipa unaoingiza damu katika kichujio hulegea na kupanuka, ilhali anjiotensini hubana zaidi ule mshipa unaoitoa. Damu huingia kwa wingi na kutoka kwa dhiki, na msukumo ndani ya kichujio hupanda kupita kadiri yake. Mwanzoni figo huonekana hodari, kwa kuwa huchuja kuliko kawaida, na huo ndio uhodari wa kutilia shaka. Baadaye ukuta wa kichujio huanza kuvujisha albumini, protini ambayo haikupasa kutoka. Na anjiotensini yenyewe, fauka ya kubana, huzichochea seli kutengeneza nyuzi za kovu. Kichujio kilichogeuka kuwa kovu hakifufuki, na mwanadamu akishazaliwa haongezewi vichujio vipya. Mzigo wa kilichokufa huvielemea vilivyo hai, navyo hulemewa vikafa kwa zamu yao. Theluthi moja ya wenye kisukari, au zaidi, hupatwa na maradhi haya ya figo, na safari yote yaweza kuchukua miaka 10 hata 20, ambayo kwa sehemu kubwa mgonjwa hulima, hucheka, huoa, huozesha, asijue.

Mambo haya yakifahamika, swali tuliloanza nalo hubadilika sura. Tuliuliza kwa nini Mungu ametia mwilini kitu cha kuuangamiza, na tukitazama hatukioni kitu hicho. Tunaona mlinzi yule yule, akifanya kazi ile ile, kwa uaminifu ule ule, katika hali ambayo kazi yake haihitajiki kwa kiasi hicho. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba shari haina dhati yake yenyewe, kwa kuwa kila kilichoumbwa ni chema, na kinachoitwa shari ni upungufu wa wema uliopasa kuwapo. Figo ya mwenye kisukari huniongoza kuongeza neno moja juu ya fundisho hilo: shari yaweza pia kuwa heri iliyopita kadiri. Waislamu nao, ambao Mumias na vitongoji vyake vimewajua tangu zama za mfalme Nabongo Mumia, hufundishwa kwamba Mungu ameumba kila kitu kwa kipimo. Ikiwa kipimo ni sehemu ya uumbaji, basi kitu chema kilichotoka katika kipimo chake kimepungukiwa na sehemu ya wema wake, na anayekirejesha katika kipimo hicho anashirikiana na Muumba.

Wala kipimo hicho hakikuachwa bila ya mtetezi ndani ya mwili wenyewe. Mwaka 2000 wataalamu walikitambua kimeng'enya ndugu, kilichopewa jina la ACE2, ambacho huichukua anjiotensini ya pili na kuikata, kikatoa kipande kinacholegeza mishipa na kupunguza kovu. Na panya wenye kisukari walionyimwa kimeng'enya hicho figo zao huharibika zaidi. Ni kimeng'enya hicho hicho ambacho virusi vya korona vilikitumia kuwa mlango wa kuingilia katika seli za watu. Kimoja hubana, kingine hulegeza. Kimoja huharakisha, kingine hutuliza. Na afya ni mapatano ya wawili hao.

Mwenye hoja atasema: Aliyejua yote alikosaje kukiumba kimeng'enya hicho kiwe na busara ya kuacha kinapopasa kuacha? Hoja hii ni nzito, wala sitaki kuipita kwa haraka. Fikira zangu ni hizi, kwamba kimeng'enya kingekuwa na hiari, kingeweza pia kukataa siku ya kutoka damu, na hakuna mama ambaye angejua kama mwili wake utamtii au utamsaliti. Uaminifu wa vitu visivyo na akili ndio unaomwezesha mwenye akili kujifunza desturi zao. Na palipo na desturi, pana elimu. Na palipo na elimu, pana dhima. Hiari amepewa mtu, wala hakupewa kimeng'enya. Najua kwamba maneno haya hayawezi kuyafuta machozi ya mzazi ambaye mwanawe yu kitandani, na hayakusudii kuyafuta. Yanaonyesha mahali wajibu ulipowekwa tu, na mahali hapo ni mikononi mwetu.

Kwa mwanga huo, zile jawabu mbili za kwanza huanguka zenyewe. Wako watoto wadogo ambao kinga ya miili yao imeziua seli za kongosho zitoazo insulini, wakaanza kuchomwa sindano kabla hawajajua kusoma. Anayesema kwamba kisukari ni adhabu na atuambie mtoto huyo ameadhibiwa kwa kosa gani. Ni kweli kwamba kisukari cha watu wazima huchochewa na unene, kukaa pasipo kutembea, vinywaji vitamu na chai inayonyweshwa sukari kama ada ya ukarimu. Lakini huchochewa pia na urithi wa damu, na mtu hachagui wazazi. Ama husuda ya jirani, haina haja ya kutafutwa pale ambapo sababu iliyo wazi imekaa katika mkojo ikingoja kupimwa. Kila juma linalotumika kumtafuta mrogaji ni juma ambalo vichujio vinaendelea kufa, na udugu wa ukoo mzima unakufa pamoja navyo.

Tiba yenyewe ina ushahidi wa ajabu katika jambo hili la heri na shari. Msitu wa Kakamega, ambao ni mabaki ya msitu mkuu wa Kongo upande wa Kenya, una nyoka wa jamii ya kifutu, na anayemkuta njiani huona kifo kitupu kimejikunja katika majani makavu. Huko Brazil yuko jamaa yao aitwaye jararaca, ambaye sumu yake huiangusha presha ya kiumbe aliyeumwa hata akalegea. Mwaka 1949 Maurício Rocha e Silva na wenzake, wakiichunguza sumu hiyo, walitambua kitu cha mwilini kinachopanua mishipa, wakakiita bradikinini. Katika miaka ya 1960 Sérgio Ferreira, Mbrazil mwenzao, alipata katika sumu hiyo hiyo kitu kinachoiongezea bradikinini nguvu, akakipeleka London kwa John Vane, na ikadhihirika kwamba kitu hicho hukizuia kimeng'enya cha ACE. Miguel Ondetti na David Cushman, wa kampuni ya Squibb nchini Marekani, wakayafuata mafunzo hayo katika miaka ya 1970 wakatengeneza kidonge cha kaptopri, ambacho hukamata chembe ya zinki iliyo katika kiini cha kimeng'enya na kukizuia kukata. Mwaka 1981 kilikubaliwa Marekani kuwa dawa. Hivyo kile kilichodhuru kwa kuwa heri iliyozidi kilipunguzwa kwa elimu iliyotoka katika sumu, na sumu nayo, ilipotiwa katika kadiri, ikawa rehema.

Mwaka 1993 Edmund Lewis na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio lao kwa watu 409 wenye kisukari kinachotegemea insulini, ambao figo zao zilikuwa zimekwisha anza kuvuja. Katika 207 waliopewa kaptopri, 23 walifikia kifo, mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo. Katika 202 waliopewa kidonge kisicho na dawa, waliofikia hapo walikuwa 42. Mwaka 2001 majaribio mengine yakathibitisha kwamba dawa za aina ya losatani, ambazo huizuia anjiotensini mlangoni mwa seli, huchelewesha uharibifu wa figo kwa wenye kisukari cha watu wazima. Dawa hizi hazikiui kimeng'enya wala hazikifukuzi. Watu wa Isukha na Idakho, wanaowapiganisha mafahali wao Khayega na Shinyalu, hawamchinji fahali kwa kuwa ana nguvu, kwa maana nguvu zake ni fahari ya kijiji; humtia kamba, wakampa mchungaji anayejua tabia yake. Hivyo ndivyo dawa inavyokitenda kimeng'enya, na ndiyo maana nayo hutaka mchungaji: huweza kuleta kikohozi kikavu, ambacho dawa yake ni kurudi kwa daktari akabadilishe na wala si kuacha kimya, huweza kuzidisha potasi katika damu, kwa hiyo damu hupimwa, na haimfai kabisa mama mjamzito.

Imebaki jawabu ya tatu, ya takdiri, ambayo naiheshimu kwa kuwa waisemao wengi ni watu wa ibada. Lakini ibada yenyewe inawapinga. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya kumtegemea Mungu alizigawa sababu katika mafungu matatu: za yakini, kama maji kwa mwenye kiu, za dhana yenye nguvu, kama dawa za matabibu, na za kubahatisha, kama uganguzi. Aliona kwamba anayeacha maji akafa kwa kiu hakumtegemea Mungu, amejiua. Na kwamba anayetumia dawa hakutoka katika tawakali, maadamu moyo wake unajua ni nani aliyeipa dawa nguvu. Wakristo nao, Marafiki (Quaker) wa Kaimosi na Wakatoliki wa Mukumu na wengineo, wana mfalme Hezekia katika Biblia yao, ambaye aliahidiwa na Mungu miaka 15 ya kuishi, na nabii yule yule aliyeileta ahadi akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi haikuifuta dawa, na dawa haikuitia ahadi aibu. Basi mhubiri anayemwambia mgonjwa atupe vidonge kwa kuwa amekwisha ombewa, anamfundisha imani ambayo Hezekia hakuijua.

Sitasema kwamba dawa huponya kila figo. Huchelewesha, na kwa wengine kuchelewesha huko ni umri mzima, na kwa wengine ni miaka michache. Na wako ambao walitenda yote yaliyowapasa wakafika mashineni hata hivyo. Kwao subira ni ibada, na kwetu kuwafaa ni faradhi. Bima ya taifa, iliyoitwa NHIF na tangu Oktoba 2024 ikawa SHA, hulipia usafishaji wa damu. Lakini nauli, chakula, siku za kazi zinazopotea na upweke wa kitanda havina bima isipokuwa jamaa na majirani. Tumezoea kufanya harambee kubwa mtu akiisha fika ukingoni, na harambee kubwa zaidi akiisha zikwa. Ilhali kipimo cha mkojo, ambacho kingemwonya miaka mingi kabla, hugharimu kidogo tu kikilinganishwa na harambee hizo, na hakimwumizi mtu yeyote.

Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015, watu wazima wapatao 88 katika kila 100 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa presha. Mwili ni amana, na mwenye kushika amana hukaguliwa hesabu zake wakati mali ingali ipo. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wametumwa vijijini mwa Kenya na mikoba yenye kipimo cha sukari na cha presha. Wakija mlangoni wasiambiwe kwamba hapa hakuna mgonjwa. Nawasihi maimamu na wachungaji wa Kakamega, ambao waumini huwasikia kabla ya kumsikia daktari, watenge saa moja baada ya sala au misa watu wapimwe hapo hapo uani, na wao wenyewe wawe wa kwanza kukunja mkono wa kanzu. Mwenye kisukari na apimwe albumini ya mkojo kila mwaka, ashike sukari na presha yake, apunguze chumvi, amwulize daktari wake kuhusu dawa hizi, na akipewa asiziache kwa kuwa hajisikii mgonjwa. Aombe pia, asubuhi na jioni, na asidhani hata siku moja kwamba kidonge na dua vinagombania nafasi moja.